Sita hadi Tisa: Ubadilishaji wa Misingi ya Hesabu katika Kiswahili cha Likasi

Miongoni mwa mambo ambayo Kiswahili cha Katanga kimelaumiwa kwayo ni umaskini wa maneno ya hesabu. Husemwa kwamba msemaji wa Lubumbashi au wa Likasi huhesabu kwa Kiswahili mpaka kumi, pengine mpaka ishirini, kisha hukimbilia Kifaransa. Na kwamba hata hizo kumi za mwanzo zina maneno yaliyokopwa kutoka Kiarabu. Lawama hiyo ina chembe ya ukweli kuhusu matumizi, lakini haikuitazama historia. Mji wa Likasi ulikua mahali ambapo watu wenye desturi mbalimbali za kuhesabu walikusanywa kufanya kazi moja, na ambapo fedha ilibadilika mara kadhaa katika muda usiozidi karne moja. Katika hali hiyo kuhesabu hakukuwa kutaja namba tu. Kulikuwa ni kuhamisha kiasi kilekile kutoka msingi mmoja wa hesabu hadi mwingine, na aliyekosea hatua moja alipungukiwa na mshahara wake.

Msingi wa hesabu una maana ya idadi ambayo, ikishafikiwa, hukusanywa na kuhesabiwa kuwa kitu kimoja cha daraja la juu. Kiswahili sanifu hukusanya kumi kumi. Muuza mayai hukusanya kumi na mbili na kuziita dazeni. Wafanyabiashara wa nguo wa pwani walikusanya ishirini na kuziita korija. Saa ina dakika sitini. Mtu mmoja anaweza kutumia misingi hii yote katika siku moja bila kujisumbua, ilimradi asilazimike kuichanganya. Tatizo huanza anapolazimika.

Vidole na majina

Likasi, iliyojulikana kwa jina la Jadotville hadi 1966, ni mji wa shaba. Reli iliyofika Élisabethville mwaka 1910 iliendelezwa hadi Kambove mwaka 1913, na kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa 1906, ikafungua kazi zake Likasi na Panda, na baadaye kiwanda cha Shituru. Wafanyakazi walitoka mbali: Rhodesia ya Kaskazini, Lomami, Kasai, na katika nusu ya pili ya miaka ya 1920 hata Ruanda na Urundi. Karibu wote walikuwa wasemaji wa lugha za Kibantu, na mtu angetarajia kwamba hesabu zao zingefanana.

Zilifanana kwa sehemu. Kutoka moja hadi tano tofauti ni za matamshi tu: Kiswahili tatu, Kibemba -tatu, Kiluba cha Kasai isatu, Kinyarwanda gatatu, Kiswahili tano, Kibemba -sano, Kiluba cha Kasai itanu, Kinyarwanda gatanu. Kwenye kumi wote wanakutana tena: ikumi, dikumi, icumi. Lakini katikati, yaani kutoka sita hadi tisa, njia zinaachana kabisa, na sababu ni kwamba hapo kila lugha ilikuwa na namna yake ya kuvuka kutoka mkono wa kwanza hadi wa pili.

Mbemba anapotaja saba husema cinelubali, ambalo ndani yake kuna nne na neno la upande: nne ziko upande mmoja, na msikilizaji anajua kuwa upande wa pili zimo tatu. Nane ni cinekonsekonse, nne pande zote mbili. Tisa ni pabula, yaani pamepungua. Kilichopungua ni kidole kimoja ili kumi itimie. Pamoja na majina hayo, Kibemba pia kina njia ya kusema tano na moja, tano na mbili, na kuendelea. Kiluba cha Kasai kimechukua mkondo mwingine. Sita ni isambombo, saba ni muanda mutekete, kwa maana ya karibu jambo laini au dhaifu, na nane ni muanda mukulu, jambo kubwa. Tisa ni tshitema. Katika Kinyarwanda sita ni gatandatu, ambamo wataalamu wengi wanaiona tatu iliyorudufiwa, saba ni karindwi, nane umunani, tisa icyenda.

Kiswahili chenyewe kilikuwa hivyohivyo. Kabla ya sita na saba kulikuwa na mtandatu na mfungate. Neno la pili halikufa: limebaki katika fungate, zile siku saba za maarusi, na asili yake hufafanuliwa kuwa kufunga tatu, kwa maana kwamba mwenye kuhesabu amekunja vidole vitatu na kuacha saba. Maana yake ni kwamba saba ya Kiswahili cha zamani ilihesabiwa kwa kutoa, hali saba ya Kibemba inahesabiwa kwa nne na tatu. Nane ni nne mara mbili. Kenda, ambalo ni ndugu wa icyenda, lilitumika pwani kwa muda mrefu kabla ya tisa kulishinda, na bado husikika mashariki ya Kongo, kama vile munane inavyosikika huko ikiwa na kiambishi chake cha kale.

Kwa hiyo katika orodha ya tarakimu za Kiswahili, Kiarabu hakikuingia popote pale ovyo. Chini ya kumi kiliingia sita, saba na tisa, yaani katika sehemu ileile ambayo lugha za Kibantu hazielewani. Pwani jambo hilo lilitokea kwa sababu za pwani, biashara na elimu ya dini, na lingekuwa kosa kudhani kuwa lilitokea kwa ajili ya wachimba migodi wa Katanga. Lakini maneno hayo yalipofika bara yalikuta kazi inayoyangojea. Mbemba na Mluba waliokaa kambi moja hawakuhitaji msaada wa kuelewana juu ya tatu au tano. Walihitaji msaada juu ya saba. Saba ya Kiswahili haikuwa ya Mbemba wala ya Mluba wala ya Mnyarwanda. Haikutaja upande wa mkono wala udhaifu wa jambo. Haikumtaka msikilizaji ajue desturi ya vidole ya msemaji. Kile ambacho wakosoaji wamekiita mkopo ndicho kilichokuwa chombo cha kwanza cha ubadilishaji, na kilifanya kazi kwa sababu kilikuwa kigeni kwa wote sawasawa.

Wako waliotaka kuipeleka historia ya hesabu katika Kongo ya mashariki mbali zaidi. Mwaka 1950 mwanajiolojia Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimbua huko Ishango, mahali ambapo mto Semliki unatoka katika ziwa Edward, kipande cha mfupa chenye mikato iliyopangwa katika safu tatu. Mfupa huo, ambao sasa uko Brussels, unakadiriwa kuwa na umri wa miaka 20,000 au zaidi. Safu mbili zina mikato 60 kila moja, ya tatu ina 48, jumla 168. Kwa kuwa 60 na 48 zote hugawanyika kwa kumi na mbili, Vladimir Pletser na Dirk Huylebrouck walipendekeza mwaka 1999 kwamba mfupa ni alama ya hesabu ya msingi wa kumi na mbili iliyojengwa juu ya tatu na nne, na kwamba huenda ulitumika kama rula ya kukokotolea. Alexander Marshack, kabla yao, aliona ndani yake kalenda ya mwezi. Ni vigumu kutoshangaa mbele ya kifaa hicho, lakini ni vigumu pia kukijengea ghorofa nyingi. Mikato inaonyesha kuwa mtu alihesabu, na kwamba alipanga; haionyeshi alisema nini alipofika kumi na mbili. Lugha za leo ni shahidi mdogo kwa umri, ila zinajibu zinapoulizwa.

Peni, shilingi na faranga

Chombo cha pili kilikuwa karatasi, na kilikuja na fedha. Katanga ya mwanzo ilikuwa koloni la Ubelgiji lililoelekea kusini. Reli yake ilitoka Rhodesia, sehemu kubwa ya wafanyakazi iliajiriwa huko kupitia kampuni ya Robert Williams, na fedha ya Kiingereza ilitumika sana katika miaka ya kabla ya Vita Kuu ya Kwanza na hata baada yake. Faranga ilikuwa na senti mia, mambo mepesi. Pauni ilikuwa na shilingi ishirini, na shilingi ilikuwa na peni kumi na mbili. Mtu aliyehesabu pauni alikuwa anatumia misingi mitatu kwa wakati mmoja: kumi na mbili kwa peni, ishirini kwa shilingi, na kumi kwa pauni zenyewe.

Inafaa kuitazama hesabu hii kwa karibu. Mfanyakazi ana pauni 2, shilingi 7 na peni 9, naye anataka kujua ni faranga ngapi. Hawezi kugusa faranga kabla ya kuzifanya fedha zake kuwa za aina moja. Huzidisha pauni 2 kwa 20 na kuongeza shilingi 7, akapata 47. Huzidisha 47 kwa 12 na kuongeza peni 9, akapata peni 573. Kwa kuwa pauni ni peni 240, na kwa kiwango cha dhahabu cha kabla ya 1914 pauni ilikuwa sawa na faranga 25.22, jibu lake ni faranga 60 na senti 21. Akitaka kurudi nyuma, hugawanya 573 kwa 12, akapata 47 na baki 9. Hugawanya 47 kwa 20, akapata 2 na baki 7. Mabaki yakisomwa kutoka mwisho ndiyo pauni, shilingi na peni zake.

Zidisha na uongeze wakati wa kwenda, gawanya na uhifadhi baki wakati wa kurudi: hiyo ndiyo kanuni nzima ya kubadili misingi, na hakuna chombo kilichotengenezwa tangu hapo ambacho kimeizidi. Karani aliyekuwa na kitabu cha majedwali hakuwa na kanuni nyingine. Alikuwa na majibu yaliyokwisha kukokotolewa na mtu mwingine. Tofauti hiyo si ndogo. Mwenye jedwali hahitaji kufikiri, na asiye na jedwali hana namna ya kumsahihisha mwenye nalo isipokuwa ajue kukokotoa mwenyewe. Ndiyo maana elimu ya hesabu katika makambi ya kazi haikuwa jambo la darasani peke yake. Mfanyakazi aliyeweza kufika 573 kwa akili yake aliweza kuuliza swali dirishani.

Kisha kiwango kikahama. Faranga ya Ubelgiji, na ya Kongo iliyoambatana nayo, ilishuka sana baada ya vita, na mwezi Oktoba 1926 ilipoimarishwa ilisimama kwenye faranga 175 kwa pauni moja. Peni zilezile 573 sasa zilikuwa faranga 417 na senti 81. Kwa Mbemba aliyekusudia kurudi Rhodesia na kulipa kodi yake huko kwa shilingi, mshahara wa faranga uliopanda kidogo ulikuwa umeshuka, na aliyetazama idadi tu bila kubadili hakuliona hilo. Wanahistoria wa kazi katika Katanga wanaitaja anguko hilo la faranga kuwa mojawapo ya sababu zilizoifanya kampuni igeuke kutoka Rhodesia na kutafuta watu ndani ya Kongo na katika Ruanda-Urundi, ikawaweka kwa mikataba ya miaka mitatu pamoja na jamaa zao. Katika mgeuko huohuo Kiswahili kilipata nguvu mpya kama lugha ya kambi. Johannes Fabian ameonyesha jinsi utawala ulivyotaka kuikata Katanga kutoka kwenye mvuto wa Kiingereza na wa lugha ya migodi ya kusini. Shilingi na lugha yake zilisukumwa nje pamoja.

Kifaransa kilichoingia shuleni kilileta msingi wake wa kufichwa. Wabelgiji husema septante kwa sabini na nonante kwa tisini, kwa hiyo wamewaokoa wanafunzi wa Kongo kutoka katika sitini-na-kumi ya Ufaransa. Lakini themanini walibaki nayo kama walivyoirithi: quatre-vingts, ishirini nne. Mtoto wa Likasi aliyejifunza kuhesabu kwa Kifaransa alikwenda kwa kumi kumi mpaka sabini, akarukia ishirini nne, kisha akarudi kwenye kumi. Themanini ya Kiswahili, iwe ya Kiarabu kama ilivyo, haina kona hiyo. Si kweli basi kwamba Kifaransa kilishinda katika namba kubwa kwa sababu ya wepesi wake. Kilishinda kwa sababu ndicho kilichoandikwa katika kadi ya kazi, katika tarehe, katika karatasi ya mshahara. Na namba ni sehemu ya lugha inayofuata karatasi upesi kuliko sehemu nyingine yoyote.

Shinkolobwe na mashine

Kiasi cha kilomita 20 kutoka Likasi liko shimo la Shinkolobwe, lililogunduliwa kuwa na urani mwaka 1915 na kuanza kuchimbwa 1921 kwa ajili ya radi. Mwaka 1940 Edgar Sengier, mkurugenzi wa Union Minière, alipeleka New York zaidi ya tani 1,000 za mawe yake, na Wamarekani wakayanunua mwaka 1942 kwa mradi wa bomu. Historia hiyo inajulikana, na imesimuliwa mara nyingi bila ya kuwataja waliochimba. Lakini ina kipande kinachohusu hesabu moja kwa moja.

Kazi ya Los Alamos ilidai ukokotoaji mwingi kupita uwezo wa watu na kalamu. Mashine za kadi zilizotobolewa zilizotumika huko zilihesabu kwa kumi. ENIAC, mashine kubwa ya elektroniki ya Philadelphia, ambayo kazi yake kubwa ya kwanza mwishoni mwa 1945 ilitoka Los Alamos, nayo ilihesabu kwa kumi: kila tarakimu ilihitaji mzunguko wa vituo kumi. Katika taarifa yake ya Juni 1945 kuhusu mashine iliyokusudiwa kuifuata, John von Neumann alipendekeza kuacha kumi na kuchukua mbili, kwa kuwa kifaa cha umeme hujua hali mbili tu, wazi na kufungwa. Hesabu ya msingi wa mbili haikuwa mpya. Leibniz alikwisha kuieleza katika maandishi yaliyochapishwa 1703. Kilichokuwa kipya ni haja ya mashine yenyewe kubadili: binadamu wataendelea kuandika kumi, mashine itafikiri kwa mbili, na mlangoni lazima awepo mkalimani.

Mkalimani huyo hafanyi lolote ambalo mwenye shilingi hakulifanya. Namba inayoandikwa 1011 katika msingi wa mbili husomwa hivi: moja, zidisha kwa mbili na uongeze sifuri, ni mbili, zidisha kwa mbili na uongeze moja, ni tano, zidisha kwa mbili na uongeze moja, ni kumi na moja. Ni njia ileile ya pauni 2, shilingi 7 na peni 9, ila msingi mmoja umechukua nafasi ya miwili. Huko Ubelgiji, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, Georges na Frédérique Papy waliwafundisha watoto jambo hilo kwa vibao vyenye miraba minne ya thamani 1, 2, 4 na 8: kete mbili katika mraba mmoja hubadilishwa kwa kete moja katika mraba unaofuata, na kila kibao kinasimamia daraja moja la kumi. Mcheza bao wa Lamu au wa Unguja angekielewa kifaa hicho kabla ya kuelezwa.

Zaïre tatu milioni

Somo gumu kuliko yote lilikuja baadaye, na halikutoka kiwandani. Mwaka 1967 faranga ya Kongo iliondolewa na mahali pake ikawekwa zaïre, moja kwa faranga 1,000. Zaïre ilikuwa na makuta 100, na likuta moja lilikuwa na sengi 100. Ugawaji huo ulikuwa wa kumi mtupu, na kubadili kulitaka kusogeza nafasi tu. Neno makuta likaenea kuwa jina la pesa kwa ujumla, likabaki hata makuta yenyewe yalipokosa thamani.

Oktoba 1993, bei zilipokuwa zimepanda kiasi cha kukosa maana, ilitolewa zaïre mpya, moja kwa 3,000,000 za zamani. Idadi hiyo ilikuwa ya ajabu. Kama ingekuwa milioni moja, muuzaji angefuta sifuri sita. Tatu ililazimisha kila mtu kugawanya kwanza. Milioni 15 zilikuwa zaïre mpya 5, vyema. Lakini milioni 20 zilikuwa 6 na theluthi mbili, na theluthi haiandikiki sawasawa katika msingi wa kumi. Katika kila ubadilishaji wa namna hiyo kuna kipande kinachobaki mezani, na aliyeshika fedha nyingi ndiye anayeamua kibaki kwa nani.

Mikoa ya Kasai iliikataa fedha mpya na kuendelea na ya zamani. Wakati huohuo, tangu 1992, watu wenye asili ya Kasai walikuwa wakifukuzwa Shaba, kama Katanga ilivyoitwa wakati huo, katika uhasama uliochochewa na wanasiasa. Huko Likasi maelfu walikaa stesheni na kandokando yake wakingojea treni, wengi wao watoto na wajukuu wa wafanyakazi walioletwa na Union Minière. Waliochelewa kuondoka, na waliokuwa na jamaa pande zote mbili, walijikuta kati ya fedha mbili zenye jina moja, na kati yake mgawanyo wa milioni tatu. Hapakuwa na jedwali la kuwasaidia, kwa kuwa serikali moja haikutazamia kuwa na fedha mbili.

Mwaka 1998 faranga ilirudi, moja kwa zaïre mpya 100,000. Anayetaka kufuata uzi mpaka nyuma atazidisha mara mbili na kukuta kwamba faranga moja ya 1998 ilikuwa sawa na zaïre za zamani 300,000,000,000. Namba hiyo husomwa Dar es Salaam bilioni mia tatu. Likasi, kwa kufuata Kifaransa, ni miliari mia tatu, kwani bilioni ya Kifaransa ni milioni milioni. Na Mkongo anayefanya biashara na Mtanzania huko Kasumbalesa au Kigoma hana budi kuulizia kwanza, kabla ya bei, bilioni inayotajwa ni ya nani.